Raman: Mhasibu wa serikali aliyefumbua siri ya nuru hafifu

Na MWANDISHI WETU

KATIKA maabara za siku hizi, mtafiti anayetaka kujua umbo la protini halazimiki kuipaka rangi wala kuibandika alama yoyote. Hutia tone la maji yenye protini hiyo juu ya chembechembe za madini ya fedha au dhahabu, akalimulika kwa leza, kisha akapima nuru inayorudi. Ndani ya nuru hiyo mna habari za protini yenyewe: imeundwa kwa viungo gani, imejikunja vipi na ni upande gani ulioyagusa madini.

Mbinu hiyo inabeba jina la mtu ambaye hakubahatika kuiona. Sir Chandrasekhara Venkata Raman aliaga dunia mnamo Novemba 21, 1970, miaka michache tu kabla ya mbinu yenyewe kujitokeza nchini Uingereza.

Maisha yake ni kisa cha mtu aliyeacha mshahara mnono ili afuate jambo ambalo macho ya wengi yalikuwa yakilipita. Ni kisa pia cha mtu ambaye, licha ya jicho lake kali, kuna nyakati alishindwa kuwaona watu waliosimama mbele yake.

Raman alizaliwa Novemba 7, 1888 katika eneo la Tiruchirappalli, kusini mwa India, nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanane. Babake, Chandrasekhara Iyer, alikuwa mwalimu asiye na mali nyingi, lakini nyumba yake ilijaa vitabu vya hisabati na fizikia, na saa za mapumziko alipiga fidla. Mamake, Parvathi Ammal, alitoka katika ukoo wa wasomi wa lugha ya Sanskrit.

Mnamo 1892 jamaa hiyo ilihamia Visakhapatnam, mji wa bandari katika pwani ya mashariki ya India, baba alipopata kazi ya kufundisha chuoni. Huko ndiko mtoto alikokulia, huku sauti ya fidla na mawimbi ya bahari vikimjaa masikioni.

Nyota njema huonekana asubuhi. Raman alimaliza masomo ya shule akiwa na umri wa miaka 11. Alijiunga na Chuo cha Presidency mjini Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, na mwaka wa 1904 akahitimu shahada ya kwanza akiwa mbele ya wenzake wote. Alitunukiwa nishani ya dhahabu katika somo la fizikia. Shahada ya uzamili aliipata mnamo 1907 kwa alama za juu kabisa.

Hata kabla ya kuhitimu uzamili alikuwa ameanza kutambulika ng'ambo. Mnamo Novemba 1906, jarida la sayansi la Philosophical Magazine linalotolewa London lilichapisha makala yake ya kwanza kuhusu tabia ya nuru. Wakati huo alikuwa na miaka 18 tu. Mwanafizikia maarufu wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel miaka miwili awali, alipoandikiana naye alidhani kwamba anamwandikia profesa.

Siku hizo kijana wa Kihindi aliyetamani kuwa mwanasayansi alikuwa na njia moja ya kufuata, nayo ni kupanda meli kwenda kusoma Uingereza. Kwa Raman njia hiyo ilizibwa mapema. Daktari wa serikali aliyempima mjini Madras alikata shauri kwamba mwili wake dhaifu usingestahimili baridi ya Ulaya, na safari ikafia hapo.

Kwa hivyo alifanya kile ambacho vijana wengi wenye akili walikifanya chini ya serikali ya kikoloni: alitafuta kazi ya ofisini. Alifanya mtihani wa kuingia katika Idara ya Fedha, akaibuka wa kwanza, na katikati ya mwaka wa 1907 akatumwa Calcutta, mji ambao sasa unaitwa Kolkata, kuwa msaidizi wa Mhasibu Mkuu. Aliandamana na mkewe kijana, Lokasundari, mpigaji wa ala ya nyuzi iitwayo vina. Raman alimwoa bila kupokea mahari ambayo desturi yao iliitaka familia ya bibi harusi itoe.

Kwa jicho la jirani, Raman alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa na cheo, mshahara mzuri, nyumba ya kupanga na kiinua mgongo cha uzeeni. Lakini siku moja, akipita kwenye Barabara ya Bowbazar, aliona kibao cha shirika lililokuwa limesahauliwa na wengi: Chama cha India cha Kukuza Sayansi.

Chama hicho kilianzishwa mnamo 1876 na daktari mmoja mzalendo, Mahendralal Sircar, aliyeota kwamba Wahindi siku moja wangefanya utafiti wao wenyewe katika nyumba yao wenyewe. Sircar alifariki 1904 bila kuiona ndoto hiyo ikitimia. Jengo lilikuwapo na vifaa vilikuwapo, ila watafiti walikuwa adimu. Raman alipobisha hodi alifunguliwa mlango na Ashutosh Dey, mtumishi wa maabara, ambaye alikuja kuwa msaidizi wake kwa miaka mingi.

Tangu siku hiyo, mhasibu huyo aliishi maisha mawili. Alfajiri saa kumi na moja na nusu alikuwa maabarani. Saa nne kasorobo alirudi nyumbani kuoga na kula upesi, kisha akakimbilia ofisini. Saa kumi na moja jioni alirejea moja kwa moja maabarani, akabaki humo hadi saa nne za usiku. Jumapili na siku za sikukuu alizimaliza huko huko.

Serikali ilimhamisha mara mbili, kwanza hadi Rangoon nchini Burma, ambayo leo ni Myanmar, kisha hadi Nagpur katikati mwa India. Kote alikokwenda aligeuza chumba kimoja cha nyumba yake kuwa maabara. Mnamo 1911 alirudishwa Calcutta, akaendelea pale alipokuwa ameachia.

Katika miaka hiyo ya mwanzo alichunguza zaidi sayansi ya sauti. Alipima jinsi nyuzi za fidla na vina zinavyotetemeka, akaeleza kwa nini ngoma za India kama vile tabla hutoa sauti zenye mpangilio wa kimuziki, tofauti na ngoma nyingi nyingine. Wapenzi wa taarab wa pwani yetu wanaijua vyema sauti hiyo ya tabla. Raman alionyesha kwamba siri yake imo katika ile duara nyeusi inayopakwa juu ya ngozi, ambayo uzito wake huyapanga mawimbi ya sauti.

Hapo ndipo alipojifunza jambo lililomwongoza maisha yake yote, kwamba kila kitu kina mitetemo yake, na anayejua kuisikiliza anaweza kukitambua kitu hicho bila kukivunja.

Mwaka wa 1917 ulimletea mtihani mgumu. Naibu chansela wa zamani wa Chuo Kikuu cha Calcutta, Sir Asutosh Mukherjee, alimtaka awe profesa wa kwanza wa fizikia katika kiti kilichofadhiliwa na wakili Tarak Nath Palit. Mshahara ulikuwa karibu nusu ya ule aliokuwa akiupata serikalini. Isitoshe, masharti ya kiti hicho yalimtaka mwenye kukikalia awe amepata mafunzo ng'ambo.

Raman aliukubali ule mshahara mdogo bila kusita. Sharti la kwenda ng'ambo ndilo alilolikataa. Hakuona sababu ya Mhindi kulazimika kwenda kuidhinishwa Ulaya ndipo aaminiwe kufundisha Wahindi wenzake. Chuo kikalegeza kamba, naye akaachana na vitabu vya hesabu za serikali baada ya miaka kumi ya utumishi.

Safari yake ya kwanza ya Ulaya ilikuja mwaka wa 1921, alipotumwa kwenye kongamano la vyuo vikuu mjini Oxford. Wakati wa kurudi alipanda meli ya SS Narkunda. Walipokuwa wakikata Bahari ya Mediterania, Raman alivutiwa mno na ubuluu wa maji yale.

Kwa wasomi wa wakati huo, jambo hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa. Lord Rayleigh alikuwa ameeleza kwamba ubuluu wa bahari ni taswira ya mbingu tu, kama vile mtu anavyoiona sura yake kiooni. Raman hakuridhika. Alichukua prizimu ndogo aliyokuwa nayo mfukoni, ambayo ikishikwa kwa pembe ifaayo huizuia nuru iliyoakisiwa juu ya maji. Kama Rayleigh alisema kweli, taswira ya mbingu ikizuiwa, ubuluu ungetoweka. Badala yake ulizidi kukolea.

Ubuluu ule basi ulitoka ndani ya maji. Molekuli za maji zenyewe ndizo zilizoitawanya nuru ya jua. Meli ilipotia nanga katika bandari ya Bombay mwezi Septemba, Raman alikuwa tayari ameandika barua kwa jarida la Nature kueleza aliyoyaona. Mtu aliyekataliwa safari kwa ajili ya afya yake alikuwa amerudi na swali litakaloshughulisha maabara nzima kwa miaka saba.

Swali lilikuwa hili: nuru ikigonga molekuli na kutawanyika, je, inabaki vile vile ilivyokuwa? Raman na wanafunzi wake walimulika maji, pombe, barafu, hewa na vimiminika vya aina aina. Mnamo 1923, mwanafunzi wake K. R. Ramanathan aliona katika nuru iliyotawanyika dalili ndogo ya rangi ngeni. Ilidhaniwa kwamba kimiminika kile kilikuwa na uchafu. Walikisafisha, wakakisafisha tena, lakini dalili ile haikuondoka.

Wengi wangeipuuza. Katika sayansi, jambo dogo lisiloeleweka huitwa kosa la kifaa, na mtafiti husonga mbele. Raman aliagiza lirudiwe mara kwa mara. Mwanafunzi mwingine, S. Venkateswaran, alipochunguza gliserini safi aliona nuru iliyotoka ikiwa ya kijani kibichi badala ya buluu.

Mapema mwaka wa 1928, Raman alimwomba mwanafunzi wake hodari, K. S. Krishnan, aache kazi za nadharia na aingie maabarani. Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida mno. Nuru ya jua ilikusanywa kwa lenzi za darubini, ikapitishwa katika kichujio kilichoruhusu buluu na zambarau peke yake, ikapenya kwenye chupa ya kimiminika. Upande wa pili paliwekwa kichujio cha kuzuia rangi hizo hizo. Kwa kawaida, mtazamaji hakupaswa kuona chochote ila giza.

Hata hivyo, aliona mwanga hafifu. Walijaribu vimiminika takriban 60, na vyote vikaonyesha jambo hilo. Mnamo Februari 28, 1928, Raman aliitazama nuru hiyo kwa spektroskopu ndogo ya mkononi, kifaa kinachotenganisha rangi, akaiona nuru mpya ikiwa imejitenga na ile ya asili kwa ukanda wa giza. Hapakuwa na shaka tena. Habari hizo zilikabidhiwa wanahabari, na baadaye taa ya zebaki ilipochukua mahali pa jua, nuru ile mpya ilijipanga kwa mistari iliyo dhahiri.

Maana ya jambo hilo yaweza kuelezwa kwa mfano wa soko. Tuseme wapitaji milioni nyingi wanaingia sokoni. Karibu wote wanatoka na pesa zile zile walizoingia nazo. Wachache mno wanapungukiwa na kiasi fulani kwa kuwa wamenunua kitu. Nuru nayo ni hivyo. Sehemu kubwa hutawanyika bila kubadilika. Chembe moja tu ya nuru, pengine kati ya milioni kumi, huiachia molekuli kiasi cha nishati na kuifanya itetemeke, kisha yenyewe ikatoka na rangi nyingine.

Kazi hiyo ilimfaa mtu aliyewahi kuwa mhasibu. Ukijua nuru iliingia na nishati kiasi gani na ikatoka na kiasi gani, tofauti iliyopo hukuambia molekuli inatetemeka vipi. Na kwa kuwa kila aina ya molekuli ina mitetemo yake, mistari ile ni kama alama za vidole.

Mjini Moscow, wanasayansi Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam walikuwa wameona jambo hilo hilo katika fuwele siku hizo hizo, ila walichelewa kuchapisha. Jina lililobaki duniani ni la Raman.

Serikali ya Uingereza ilimpa cheo cha Sir mnamo 1929. Mwaka uliofuata alikuwa na imani kubwa kwamba Tuzo ya Nobel ingemwendea, hivi kwamba alikata tiketi za meli yeye na mkewe kwenda Uswidi miezi kadhaa kabla ya mshindi kutangazwa. Tiketi hizo hazikupotea bure. Desemba 10, 1930 alipokea tuzo hiyo ya fizikia mjini Stockholm, akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kushinda Nobel katika sayansi.

Furaha ya siku hiyo ilichanganyika na uchungu. Kwa masimulizi yake ya baadaye, aliinua macho akaona amekaa chini ya bendera ya Uingereza, kwa kuwa India haikuwa na bendera yake, na machozi yakamlengalenga.

Mgala muue na haki yake mpe. Krishnan, aliyekuwa naye bega kwa bega katika wiki zile za Februari na aliyetia jina lake pamoja naye katika barua ya kwanza kwa jarida la Nature, hakupata sehemu ya tuzo. Krishnan aliendelea kufanya kazi yake, akaja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Maabara ya Kitaifa ya Fizikia ya India. Mjadala kuhusu haki yake umedumu hadi leo.

Mnamo 1933 Raman aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Sayansi ya India mjini Bangalore, Mhindi wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka wa 1934 alianzisha Akademia ya Sayansi ya India. Lakini uongozi ulimshinda kidogo. Alikuwa mwepesi wa kukasirika na mgumu wa kubembeleza. Wenzake walilalamika kwamba fizikia ilikuwa ikimeza fedha za idara nyingine, na mwaka wa 1937 akalazimika kujiuzulu ukurugenzi, ingawa alibaki kuwa profesa hadi 1948.

Mwaka ule ule alipoingia ofisini ndipo lilipotukia jambo linalolitia doa jina lake. Msichana mmoja kutoka Bombay, Kamala, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Kamala Sohonie, alikuwa amefuzu shahada ya kwanza kwa alama bora. Aliomba nafasi ya kufanya utafiti katika taasisi hiyo. Raman alimkataa kwa sababu moja tu: alikuwa mwanamke.

Kamala hakurudi nyumbani kimya. Alifika ofisini kwa mkurugenzi na kudai apewe sababu inayoeleweka. Mwishowe Raman alikubali shingo upande, kwa masharti. Mwaka wa kwanza ungekuwa wa majaribio, asingehesabiwa kuwa mwanafunzi kamili, na kuwapo kwake kusiwashughulishe wanaume.

Msichana huyo aliyameza masharti hayo ya fedheha na kushika kazi. Na utafiti wake ulihusu nini? Protini. Alichunguza protini zilizo katika maziwa na katika nafaka za jamii ya kunde na dengu, chakula cha mamilioni ya maskini wasiomudu nyama. Mwaka ulipokwisha, Raman aliridhika, akamkubali rasmi, na milango ya taasisi ikaanza kufunguliwa wanawake wengine. Mnamo 1939 Kamala alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa kazi iliyohusu saitokromu, protini inayosaidia chembe hai za mimea kupumua.

Baadaye wanawake kama Anna Mani, aliyekuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa hali ya hewa, walifanya utafiti katika maabara ya Raman mwenyewe. Lakini doa lile halifutiki kwa hilo. Mtu aliyekataa kupimwa kwa kipimo cha Ulaya alimpima mwenzake kwa jinsia yake kabla ya kuitazama kazi yake.

Baada ya uhuru wa India, Raman alifungua taasisi yake mwenyewe mjini Bangalore mnamo 1948, kwenye ardhi iliyotolewa na mfalme wa Mysore. Alikwepa pesa za serikali kwa hofu ya kuwekewa masharti. Humo alichunguza almasi, mawe ya thamani, rangi za maua na mbawa za vipepeo. Taifa lake lilimtunuku nishani yake kuu, Bharat Ratna, mwaka wa 1954.

Wakati huo, ugunduzi wake ulikuwa umeanza kufifia. Ile chembe moja kati ya milioni kumi ilikuwa kikwazo kikubwa. Watafiti walihitaji kimiminika kingi, taa kali na saa nyingi za kusubiri. Mtaalamu wa Kimarekani John Edsall alikuwa ameanza tangu miaka ya 1930 kuchunguza asidi amino, matofali yanayoijenga protini, na mnamo 1958 yeye na David Garfinkel walichapisha mistari ya Raman ya laisozaimu, protini inayopatikana katika ute wa yai na katika machozi. Ilikuwa kazi ya subira kubwa.

Leza ilipobuniwa mnamo 1960, mambo yalianza kubadilika. Mwaka wa 1970, mwaka ule ule Raman alipofariki, Richard Lord na Nai-Teng Yu wa Marekani walichapisha mistari ya laisozaimu iliyopatikana kwa leza, ikiwa wazi kuliko ya awali. Haijulikani sana kwamba mzee huyo wa miaka 82 alizikwa kwa namna aliyoitaka mwenyewe: mwili wake uliteketezwa katika bustani ya taasisi yake, bila sherehe za kidini.

Hatua kubwa zaidi ilitokea kwa bahati. Katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walitaka kuchunguza molekuli za piridini zilizonata juu ya bamba la madini ya fedha. Walilikwaruza bamba hilo kwa umeme ili liwe na nafasi kubwa ya kushikilia molekuli. Mnamo 1974 walitangaza kwamba walikuwa wamepata nuru ya Raman yenye nguvu isiyo ya kawaida.

Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Marekani na Uingereza, wakiwamo David Jeanmaire na Richard Van Duyne, walipiga hesabu na kugundua kwamba wingi wa molekuli pekee haungeweza kuleta matokeo hayo. Nuru ilikuwa imekuzwa takriban mara laki moja au hata milioni moja. Madini yenyewe ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Nuru inapogonga vinundu vidogo vya fedha au dhahabu, elektroni zilizo juu yake huyumba kwa pamoja kama maji katika beseni, na katika nafasi finyu mno karibu na vinundu hivyo nguvu ya nuru huongezeka maradufu kwa maradufu. Molekuli iliyo pale husikika kama mtu aliyepewa kipaza sauti. Kufikia 1997, makundi mawili ya watafiti yaliripoti kuitambua molekuli moja peke yake kwa njia hiyo.

Kwa wanaochunguza protini, faida yake ni kubwa. Njia iliyozoeleka ni kuibandika protini rangi inayong'aa, kisha kuufuata ule mng'ao. Njia hiyo imeleta manufaa mengi, lakini rangi ni mzigo, na mzigo huweza kubadilisha mwendo wa anayeubeba. Hapa protini huachwa ilivyo. Uti wake huonekana kwenye kipimo cha takriban mawimbi 1,650 kwa sentimita iwapo umejisokota kama kamba, na karibu na 1,670 iwapo umejipanga kama majani ya mkeka. Tofauti hiyo ndogo ina uzito, kwani katika maradhi kama Alzheimer kuna protini zinazoacha umbo lao la kawaida na kurundikana kwa umbo hilo la pili.

Kazi bado haijakamilika. Protini ikiyagusa madini huweza kujikunjua na kupoteza umbo lake. Nguvu ya nuru haiwi sawa kila mahali juu ya vinundu, hivyo matokeo ya leo huweza kutofautiana na ya kesho. Sehemu iliyo mbali na madini kwa nanomita chache tu husikika kwa shida. Ndiyo maana mbinu hiyo imetamba zaidi katika maabara za utafiti kuliko katika hospitali.

Kila Februari 28, India huadhimisha Siku ya Kitaifa ya Sayansi, desturi iliyoanza mnamo 1987. Watoto wa shule husimuliwa habari za bahari, prizimu na chupa ya gliserini. Ingefaa pia wasimuliwe habari za Krishnan na za msichana aliyekataa kuondoka ofisini. Nuru ya Raman imekuja kutusaidia kuisoma protini ilivyo, bila alama ya kubandikwa. Kamala Sohonie alilomwomba mwenye nuru hiyo, mwaka wa 1933, halikuwa kubwa kuliko hilo.